Lita 51 za Baba Kulwa

Mwanza tunaishi kando ya ziwa la kilomita za mraba 68,800, lakini katika nyumba nyingi za mlimani swali la kwanza asubuhi ni kama maji yametoka. Kwetu Isamilo nyumba zimekalia miamba. Maji yakibahatika kupanda mpaka juu tunajaza simtanki, tunajaza ndoo, tunajaza na masufuria ya sikukuu. Kwa hiyo Baba Kulwa aliposema anataka kuweka lita 450 nyingine sebuleni, kwa ajili ya samaki wa kutazamwa tu, shangazi zangu walinipigia simu kunipa pole kabla tangi lenyewe halijafika.

Baba Kulwa anafundisha baiolojia sekondari. Mtu wa namna hiyo humwambii samaki ni kitoweo akakuelewa mara moja. Na samaki aliowataka si wa dukani. Alitaka furu, wale wadogo wenye miiba mgongoni ambao wavuvi wetu huwafanya chambo cha sangara. Akanisomea somo zima mezani, chai ikipoa: kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu ambazo nyingi hazipatikani popote pengine duniani, kwamba sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na alipofurika Ghuba ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 aina kwa mamia zikatoweka, kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa hapahapa Mwanza tangu 1977 wakiwaorodhesha, wakajikuta wanaandika majina ya samaki wanaokwisha. Kisha akafika alikotaka kufika. Mmoja wa waliosalia kwenye miamba, dume lake ni jekundu mgongoni, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka urais, wanasayansi walimpa jina la Nyerere. Leo vitabuni anaandikwa Pundamilia nyererei.

"Mama Kulwa," akasema, "Mwalimu yuko ziwani hapo chini, na wanetu hawajawahi kumwona."

Hoja ya namna hiyo haina jibu katika nyumba ya Kitanzania. Niliweka masharti mawili tu. La kwanza, maji ya ziwa na konokono wa ziwani wasivuke kizingiti changu, maana wamo konokono wanaobeba kichocho. Tangi lijazwe maji ya bomba yaliyolala kwenye pipa la wazi mpaka klorini iishe. La pili, maji yakimwagika, anadeki yeye. Aliyakubali yote haraka mno, nikajua la pili hakulisikia.

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo kila kitu kilipita mikononi mwangu: tangi konekta, elbo, tii, yunioni, gundi ya PVC, thredi tepu. Fundi vioo akaunganisha tangi la sentimita 150 urefu, 50 upana na 60 kimo. Chini yake, ndani ya meza ya chuma, likawekwa tangi la pili la 90 kwa 40 kwa 40. Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Pembeni mwa tangi la juu kuna kisanduku cha kioo chenye meno kwenye ukingo. Maji yakifika kimo cha meno yanamwagikia ndani ya kisanduku, yanaingia tundu lililo chini yake, yanashuka kwa bomba mpaka tangi la chini. Huko yanapita kwenye sponji na vijiwe ambako bakteria hugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina ukali ule. Halafu pampu inayapandisha tena. Maji yanazunguka yaleyale, na uchafu unabaki chini ya meza ambako mgeni hauoni.

Pampu iliandikwa lita 3,000 kwa saa. Fundi bomba alitaka kutumia bomba la robo tatu kupanda na kushuka, ili gharama ipungue. Nikamkatalia. Maji yanayopanda yanasukumwa na umeme; yanayoshuka hayana wa kuyasukuma isipokuwa uzito wake yenyewe. Bomba la kushusha lazima liwe pana kuliko la kupandisha, nami nikawatolea la inchi moja na nusu. Tena nikawaambia zile lita 3,000 ni za pampu isiyopandisha kitu. Ukiipa mita moja na nusu ya mwinuko na kona tatu, itatoa pungufu sana. Baba Kulwa aliyaandika hayo kwenye daftari lake la maandalio ya somo, na kwa muda nilikuwa mtu mwenye heshima nyumbani kwangu.

Furu wakaja kwenye ndoo yenye mfuniko, wakiletwa na mvuvi wa Mwaloni Kirumba aliyewavua kwa ndoana penye mawe. Alikaa nusu saa kuangalia wanapowekwa, akanywa chai, akaondoka akitikisa kichwa. Alikuwa ameuza chambo kwa bei ya sato.

Lazima niseme ukweli: walipendeza. Madume waliiva rangi kila mmoja akigombea jiwe lake, majike wa rangi ya udongo wakipita katikati wakichagua. Baba Kulwa alitukataza kuweka taa ya manjano. Mtafiti mmoja, Ole Seehausen, alionyesha mwaka 1997 kuwa jike wa furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na maji ya ziwa yakichafuka mwanga hupotea, rangi hazionekani, aina zinaanza kuchanganyika. Basi taa ikawa nyeupe, maji yakawa maangavu, na mapacha wetu wa darasa la pili, Kulwa na Doto, wakagawana madume na kuwapa majina ya wachezaji wa Simba na Yanga. Nyumba ilikuwa na amani.

Umeme ulikatika Jumamosi mchana.

Katika nyumba za watu umeme ukikatika ndipo kunakuwa kimya. Kwetu ndipo sauti ilipoanza. Maji yalikuwa yanashuka mahali yasipotakiwa kushuka, ndani ya bomba la kupandisha. Pampu ilikuwa imenyamaza, tangi la juu likawa linajimimina lenyewe kwa kurudi nyuma, na tangi la chini likajaa mpaka ukingoni, likaanza kugawa. Baba Kulwa alikimbilia sufuria. Kulwa alikimbilia kikombe. Doto alichukua daftari la maandalio ya somo akalipandisha juu ya kabati, na mpaka leo naamini ndiye pekee aliyeokoa kitu siku ile.

Bafu lina tundu la kutolea maji, hata jiko lina lake, lakini sebule haina. Maji yalipita zulia, yakapata mlango, yakashuka ngazi tatu, yakaingia kwenye mwamba. Mwamba wa Isamilo haunywi maji. Uliyapokea ukayapitisha moja kwa moja mpaka chini, kwenye ubapa wake mzuri unaopata jua la siku nzima, ambako Bibi, jirani yetu, alikuwa ameanika udaga wake wa muhogo.

"Enyi watu wa juu!" sauti ikapanda. "Mvua gani hii isiyo na wingu?"

Aliyepanda ni mumewe. Mzee huyu alikuwa fundi mitambo kwenye meli za ziwani mpaka alipostaafu, na tulijiandaa kwa ugomvi. Shikamoo zetu zilimkuta bado yuko ngazi ya kwanza.

"Marahaba. Zimeni meni swichi kwanza."

Hatukuwa tumefikiria hilo. Ekstensheni ya pampu ilikuwa imelala sakafuni ndani ya maji, na watoto walikuwa wamesimama humohumo peku. Umeme ungerudi dakika ile, nisingekuwa naandika visa. Tulizima. Baadaye Mzee akaagiza soketi ipandishwe ukutani, na waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande kuingia, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme.

Akachuchumaa mbele ya tangi. "Mwalimu, mdomo wa bomba la kupandisha umeuweka wapi?"

Baba Kulwa alikuwa ameuzamisha kwa makusudi, ili mkondo usukume taka zilizolala mchangani. Mdomo ulikuwa sentimita 12 chini ya meno ya kisanduku.

"Umewahi kuona dereva ananyonya petroli kwa mpira?" Mzee akauliza. "Akishavuta mara moja, tena hana kazi. Mafuta yanajileta mpaka mdomo wa mpira upate hewa. Na hili lako litashuka mpaka mdomo upate hewa."

Hapo ndipo uhasibu wangu ulipopata kazi nyumbani. Tangi la urefu wa 150 na upana wa 50, kila sentimita moja ya kimo ni lita 7.5. Pampu ikifanya kazi, maji husimama sentimita 2 juu ya meno: hizo ni lita 15, na zote hushuka pampu ikizimika. Kutoka kwenye meno mpaka mdomo wa bomba ni sentimita 12: lita 90. Jumla 105. Tangi la chini lilikuwa na maji kimo cha sentimita 25, likabakiwa na nafasi ya sentimita 15, yaani lita 54. Toa 54 kwenye 105. Lita 51 hazikuwa na pa kukaa tangu siku tangi lilipojazwa. Zilikuwa zinangoja umeme ukatike tu. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya risiti nikaibandika kwenye friji, mahali ambapo mwenye nyumba anafungua kila siku kutafuta maji ya kunywa.

Dawa yake haikufika shilingi mia. Mzee alitoboa tundu la milimita 5 kwenye bomba la kupandisha, chini kidogo tu ya uso wa maji. Pampu ikizimika, maji yanashuka kidogo, tundu linapata hewa, mnyonyo unakatika. Baba Kulwa aliona hiyo ni fedheha kwa sayansi. Akataka tuweke valvu ya njia moja, ile ya kuzuia maji yasirudi, na duka letu linayo. Mzee akamwambia ile ina kifuniko ndani, na chembe ya mchanga au utando wa kijani ukikwama pale kifuniko hakifungi, nawe hutajua mpaka umeme ukatike. Tundu nalo huziba, lakini unaliona kwa macho, na ukilichokoa kwa kijiti cha meno kila wiki umemaliza.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na dekio. Yalizoleka, na aliyeyazoa ni mimi, maana mwenye sharti la pili alikuwa amekwenda kwa Bibi na debe la udaga, kuomba radhi, na huko akakaribishwa chakula.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Ukerewe. Alishuka kivukoni na kuku wawili na mfuko wa machungwa, akaketi mbele ya tangi, akawatazama furu kwa muda mrefu bila kusema kitu.

"Mwanangu," hatimaye akaniuliza, "hawa mnawala lini?"

Kwake halikuwa swali la utani. Kabla ya sangara, furu ndio waliolisha pwani yote ya ziwa hili. Alikua akiwala wakavu, waliokaushwa kwa jua. Miaka ya 1970 walikuwa wengi kiasi kwamba hapa Mwanza palikuwa na kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha kuku. Mwanawe alipomweleza kuwa wengine wamekwisha kabisa, na kwamba hawa wana jina la Mwalimu, alinyamaza, kisha akasema Mwalimu naye alikuwa mtu asiye na makuu, angekubali kuliwa.

Kilichomsumbua ni usiku. Bomba la kushusha lilikuwa pana kuliko maji yaliyopita ndani yake, kwa hiyo maji yalikuwa yanashuka yakivuta hewa, na hewa inatafuta njia ya kupanda. Mchana redio na watoto waliifunika sauti ile. Usiku ilikuwa gulugulu, kimya, gulugulu, kimya. Sisi tulikuwa tumeizoea. Yeye ni mtoto wa wavuvi. Kwa mtu aliyekulia mitumbwini, sauti ya maji yanayoingia gizani ni amri ya kuamka na kuyakumba. Alikesha. Asubuhi moja akauliza, kwa upole kabisa, kivuko cha kurudi kinaondoka saa ngapi.

Mama mkwe akiuliza kivuko, jambo limefika pabaya. Siku hiyohiyo nilirudi kutoka kazini na geti valvu ya inchi moja na nusu. Baba Kulwa alikuwa ameomba boli valvu kwa kuwa inafungwa kwa mkono mmoja, lakini boli ni ya kufunga na kufungua. Robo ya mzunguko imekwisha yote. Geti unaizungusha mizunguko mingi na kila mmoja unabana kidogo. Tuliiweka kwenye bomba la kushusha, tukabana polepole, tukangoja, tukabana tena. Ikafika mahali bomba likajaa maji tupu bila hewa, na sauti ikakatika. Mama mkwe alilala. Habari za kivuko hazikutajwa tena.

Mzee alipokuja kuona, hakusifu. "Umelibana," alisema, "na ni moja. Lenyewe likikosa njia, maji yatapita wapi? Toboa tundu la pili. Bomba la pili lisimame juu kidogo ya hili, likae kavu, lingoje." Alikuwa sahihi, lakini tundu la pili maana yake ni kutoa samaki wote, kukausha tangi, na kutoboa kioo kwa biti ya almasi huku ukikimwagia maji kisipasuke. Baba Kulwa akasema mwisho wa muhula. Walimu wana jibu hilo kwa kila kitu.

Muhula haukuisha. Doto, aliyepewa kazi ya kuchokoa tundu kwa kijiti, alifungua mlango wa meza akapiga kelele. Kwenye tangi la chini mlikuwa na samaki. Walikuwa wadogo sana, macho na mkia, wakichuma vijidudu kwenye sponji. Jike mmoja alikuwa amebeba mayai yake mdomoni karibu wiki tatu, hali kitu, kama ilivyo kawaida ya furu hawa, na alipowaachia watoto, baadhi yao wakachukuliwa na mkondo wa juu, wakapita kwenye meno, wakaangukia kisandukuni, wakapita geti valvu, wakatua chini salama. Baba Kulwa alitaka kuita darasa lake lote. Kwa hesabu yake huko chini walikuwa salama kuliko juu, maana hakuna dume wa kuwameza.

Lakini bibi yao Kulwa na Doto, na wajukuu wenyewe, hawakuona usalama. Waliona watoto wanaanguka. Mama mkwe, yuleyule aliyeuliza wataliwa lini, alisema hawezi kulala akijua viumbe vichanga vinadumbukia gizani. Siku tukiwa kazini, yeye na mapacha waliokuwa wametoka shule wakakata kipande cha chandarua kikuukuu wakakifunga vizuri kwa uzi juu ya meno ya kisanduku. Ziwani kuvua kwa chandarua ni marufuku. Sebuleni hatukuwa tumetunga sheria.

Matundu ya chandarua ni ya kumzuia mbu. Yalizuia watoto wa furu, yakazuia na mabaki ya chakula, na utando wa kijani, na magamba, na kila kilichoelea. Jioni bado maji yalipita. Usiku wa manane hayakupita. Pampu chini haikuwa na habari; kazi yake ni kupandisha, ikapandisha. Kwenye tangi la chini mlikuwa na lita 90, nayo huweza kunyonya mpaka zibaki kama 18. Kwa hiyo ilipeleka juu lita 72. Juu palikuwa na sentimita 2 tu za kioo kabla ya ukingo, yaani lita 15. Zilizobaki, lita 57, zilishuka mbele ya kioo kimyakimya, bila hata gulugulu.

Na mbele ya kioo ndipo watoto walipolala, kwa kuwa bibi yao alikuwa amepewa chumba chao.

Mimi niliamshwa na pampu iliyoanza kukereza kwa kukosa maji. Nilipofika sebuleni, Doto alikuwa amesimama juu ya godoro akimshtaki nduguye. Kulwa alikuwa analia na kujitetea kwamba hata angekunywa chai ya nyumba nzima asingefikisha kiasi hicho. Mama mkwe alitoka na khanga mbili, akaangalia, akaelewa kabla yetu sote, akaenda moja kwa moja kwenye chandarua akakichana. Kisha akaketi. "Nilikuwa nawaonea huruma," alisema. Hakuna aliyemjibu. Mwanawe hakuweza kumlaumu mama yake, mimi siwezi kumlaumu mama mkwe, na watoto hawamlaumu bibi yao. Lawama ikakosa njia ya kutokea, ikabaki palepale na maji. Saa tisa usiku Baba Kulwa alilisikia sharti la pili. Alideki.

Mzee alikuwa mlangoni na tochi. Udaga safari hii ulikuwa ndani, lakini maji yalikuwa yamepita uani kwake yakamwambia kilichotokea.

Asubuhi alikunywa chai kwetu, na hapo akasema jambo ambalo naona ndilo kisa chenyewe. Ziwa hili, alisema, nalo ni tangi lenye tundu moja. Maji yake mengi huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mengine huletwa na mito, Kagera ukiwa mkubwa kuliko yote. Sehemu kubwa hurudishwa angani na jua. Yanayobaki yana mlango mmoja tu, Jinja, kule Uganda. Zamani kimo cha mlango ule kiliwekwa na miamba. Mwaka 1954 likafunguliwa Bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, na tangu hapo mlango uko mikononi mwa watu. Ndiyo maana ukawekwa mkataba kwamba maji yanayoachiwa yafuate kimo cha ziwa, kama miamba ingeachiwa kuamua. Mwaka 2005 na 2006 ziwa liliposhuka sana, ukame ulilaumiwa, na maji yaliyoachiwa kupita mkataba yakalaumiwa pia.

Likijaa nalo, wa pembezoni ndio wanaojua. Mvua za 1961 mpaka 1964 zililiinua zaidi ya mita mbili, yeye akiwa mtoto, na aliona watu wakihamisha nyumba. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya ile 13.41 ya Mei 1964, na kambi za wavuvi na hoteli za ufukweni katika nchi zote tatu zikaingiliwa na maji. "Wanaoshika mlango wako mbali," alisema Mzee. "Wanaodeki wako mwaloni."

Alipofika hapo alimtazama Baba Kulwa. Hakumtaja Bibi wala udaga wake, na hakukuwa na haja. Kila mwenye kuleta maji ndani anafikiria yanavyoingia: pampu, nguvu yake, mwanga, samaki. Njia ya kutokea anaikabidhi kwa aliye chini, bila kumuuliza, naye hulipa kwa zulia, kwa godoro, kwa debe la udaga. Nyumbani kwetu aliye chini ya Baba Kulwa ni mimi, aliye chini yangu ni Bibi, na chini ya Bibi kuna mwamba na ziwa.

Tangi lilitobolewa wikiendi hiyohiyo, muhula ukiwa katikati. Sasa kisandukuni mna mabomba mawili. La kwanza lina geti valvu nalo limejaa maji, halina sauti. La pili limesimama juu zaidi, huchukua kijitone tu, na la kwanza likiziba lina upana wa kubeba maji yote peke yake. Likianza kunguruma tunajua kuna jambo. Tulilijaribu kwa kuziba la kwanza kwa kiganja, Mzee akiwa amekaa na saa yake, na maji hayakufika ukingoni. Tangi la chini limegawanywa kwa vioo, na chumba cha pampu kimepunguzwa mpaka lita 12. Njia zote mbili zikiziba, pampu haiwezi kupeleka juu zaidi ya hizo, na juu pana nafasi ya lita 15. Hesabu hiyo nayo iko kwenye friji. Mama mkwe amepewa tangi la chini liwe kitalu chake rasmi, na mapacha huwavua watoto wa furu kwa chujio la chai wakikua vya kutosha. Gurudumu la geti valvu nimelifungua kabisa. Linakaa kwenye pochi yangu, na anayetaka kubadili mkondo katika nyumba hii huja kuongea na mhasibu.

Baba Kulwa si mtu wa kukata tamaa. Juzi amekuja na mchoro wa tangi jingine, la baraza, la kamongo. Ni mchoro mzuri, wa kalamu za rangi: kioo, taa, pampu, samaki mwenyewe akitoa kichwa avute pumzi. Bomba la kutokea maji halimo. Sikubishana. Nilimtuma Doto aupeleke kwa Mzee auhakiki. Jioni uliletwa na Bibi. Alikuwa ameufungia unga wa udaga, kilo moja, na akataka alipwe papo hapo.